Uzi: Mti uliopogolewa unaitwaje? Nimepoteza mgrevilea kwa sababu ya neno "punguza"

Mkulima wa Jumamosi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi naishi Moshi mjini, kihamba cha mzee wangu, yaani shamba la nyumbani, kiko Uru. Kama wengi wa rika langu, ni mkulima wa Jumamosi tu: napanda juu asubuhi, nashuka jioni na mkungu wa ndizi na maziwa kwenye kidumu. Anayekaa kule ni mama.

Mpakani kuna migrevilea miwili ambayo marehemu baba aliipanda kabla sijaanza shule. Imekuwa mikubwa mno. Mibuni iliyo chini yake imerefuka kama watoto wanaochungulia dirishani, majani tele, matunda ya kuhesabu. Mama akasema miti ipunguzwe. Nikampigia kijana mmoja wa jirani, ana panga na msumeno na kupanda mti anajua. Nilichomwambia nakikumbuka neno kwa neno: "Ule wa upande wa mfereji upunguze, mwanga uingie." Tukaelewana bei, nusu nikamtumia kwa simu.

Jumamosi nafika, mti umepungua kweli. Unanifika kiunoni.

Tena haukukatwa vizuri. Inaonekana msumeno ulipofika katikati shina likaelemea upande wa bondeni, likachanika lenyewe, ganda likavulika upande mmoja hadi karibu na udongo. Ukipitisha kidole pale unasikia utomvu unanata. Mama alikuwa ameketi barazani anachambua maharage, hakusema kitu, na mnajua mama wa Kichagga akinyamaza maana yake nini.

Nikamwita kijana. Akaja, hana hata wasiwasi. "Kaka, si ulisema nipunguze?" Nikakosa la kumjibu, maana ndivyo nilivyosema.

Kabla sijashuka akapita mwenyekiti wa kitongoji. Akasimama, akatazama, akauliza: "Hapa mmekata mti au mmepogoa?" Swali la maana hilo, kwa sababu kwetu kukata mti kuna utaratibu wake hata kama uko kihambani kwako mwenyewe. Nikajibu tumepogoa. Akacheka, akaenda zake.

Tangu siku hiyo neno hili halinitoki. Kupogoa kama kitendo nakijua. Lakini mti wenyewe ukishapogolewa, ukabaki na shina na vijitawi viwili vitatu, unaitwaje? Kisiki si chenyewe, kisiki kimeshalala. Gutu? Kigutu? Au Kiswahili hakina neno na tumezoea kuzungukazunguka tu? Wakulima na walimu wa lugha, karibuni. Nawasilisha.

Chalii wa Chuga

Siti ya mbele. Pole mwanangu. Ungemwambia "unyoe kiduku" angekuelewa vizuri zaidi, chalii wa siku hizi hajui kupogoa.

Mama Mibuni

Pole sana mwanangu. Kwanza nikupe habari mbaya: mgrevilea mzee ukikatwa chini namna hiyo mara nyingi hauchipui. Ungeukata juu, ukaacha shina refu na matawi machache yenye majani, ungerudi vizuri kabisa, mti ule unavumilia sana kukatwa juu. Ulikatwa pasipo. Angalia kama kuna jicho lolote linalovimba kwenye ganda; kama hakuna, mwambie mama aanze kuhesabu kuni.

Sasa maneno. Mimi nimekulia kwenye kahawa upande wa Kibosho, na sisi hatuna neno moja, tuna mengi, kila kazi na lake.

Mbuni mchanga ukifika urefu wa mtu tunaukata kilele, usiendelee kwenda juu, nguvu zirudi kwenye matawi ya pembeni. Hiyo ni kukata kilele. Kila mwaka baada ya mavuno, kabla masika haijashika, tunaingia na mkasi kutoa matawi yaliyokauka, yanayoelekea ndani, yanayopandana, yaliyogusa chini. Hiyo ndiyo kupogoa hasa. Halafu kuna vile vichipukizi vinavyotoka wima kwenye shina, vinene, vina majani makubwa ya kudanganya, vinakula tu. Hivyo ni maotea, na kazi yake ni kuondoa maotea; kikiwa bado kichanga unakikwanyua kwa mkono, huhitaji hata mkasi.

Mbuni ukizeeka ndipo unakata kisiki. Hapa mtu wa mjini huogopa. Kahawa yetu ya arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua mwaka uliopita; mahali palipokwisha kuzaa hapazai tena. Kwa hiyo matunda yanasogea mbele mwaka hadi mwaka mpaka yanabaki nchani, na wewe unabaki na fimbo ndefu yenye ushungi. Basi unakata shina kama futi moja au moja na nusu kutoka ardhini, mkato wa mshazari, maji ya mvua yateleze yasituame juu yake. Kama mbuni una mashina zaidi ya moja, unaacha moja na majani yake liulishe mwili wakati kisiki kinajipanga. Machipukizi yakishashika unachagua mawili au matatu yenye afya, mengine unatoa, na lile shina la zamani nalo unaliaga. Mwaka wa kwanza hupati kitu. Mwaka wa pili unaonja. Wa tatu unasahau kama uliwahi kulia.

Kwa hiyo usiseme kisiki kimeshalala. Kwenye kahawa kisiki ndicho kinachoamka.

Kisiki Kikavu

Mbuni akatwe kichwa halafu aamke? Ndege mkubwa vile?

Mama Mibuni

Wewe kajifunze ngeli. Huyo wako wingi wake hauwi mibuni.

Mwalimu wa Zamu

Mada nzuri, nitaingia kwa upande wa lugha.

Pogoa lina jamaa zake: nyoa, ng'oa, konyoa, bomoa, chomoa, na kwa binamu zake zenye u kuna kwanyua, pangua, tegua, zibua. Yote haya yana harufu moja, kuondoa au kurudisha nyuma kilichokuwepo. Mengine yana mwenzake wa kuweka: unachomeka kisha unachomoa, unapanga kisha unapangua, unaziba kisha unazibua. Pogoa halina mwenzake. Matawi hayawekwi na mtu, yanakuja yenyewe, kazi yetu ni kuyatoa tu.

La pili, angalieni jinsi l inavyojitokeza ukilinyambua: pogoa, pogolewa, pogolea; kama nyoa, nyolewa, nyolea. Ile l ilikuwepo zamani, ikamezwa katikati ya irabu mbili, ila kwenye mnyambuliko inatoa kichwa. Ndiyo maana tunasema mkasi wa kupogolea. Nimeshasikia mtu akisema "mti umepogoawa" mbele ya mkutano wa kijiji, nikatazama chini.

Aliyefanya ni mpogoaji, kazi ni upogoaji, na mti ni... mti uliopogolewa. Hapo ndipo mleta mada alipokwama, na sidhani ni kasoro ya lugha. Aliyenyolewa naye tunamwitaje? Tunasema amenyoa. Akiwa na mtindo maalumu ndipo anapata jina: kipara, denge, hicho kiduku cha Chalii. Jina linakuja kwa mtindo, si kwa wembe.

Mdigo wa Mabokoni

Mwalimu, umesahau neno pogo. Kwetu pwani kitu kikienda pogo kimeinamia upande mmoja. Mti uliokatwa matawi ya upande mmoja, si umebaki pogo? Huenda pogoa limetoka huko.

Na gutu lipo, mleta mada. Mkono uliokatika ukabaki kipande ni gutu. Mti uliokatwa juu ukabaki kipande tunauita gutu la mti bila shida. Kigutu ni mtu mwenye ulemavu huo, usimwite mti, utaonekana unamsimanga mtu.

Mwalimu wa Zamu

Pogo nalikubali kama neno. Undugu wake na pogoa siukubali mpaka nioneshwe. Maneno mawili kufanana si lazima yawe yamezaliwa nyumba moja. Mbuni huyo wa Kisiki Kikavu ni ushahidi.

Banda la Maua

Nafanya kazi kwenye mabanda ya maua Usa River. Sisi tunasema kupruni tu. "Leo tunapruni mstari wa nane." Msimamizi akisema pogoeni nadhani nusu ya watu watakwenda kula.

Msharika

Kwa wale wa kanisani: Yohana 15, mstari wa 2, ile Biblia yetu ya zamani inasema kila tawi lizaalo "hulisafisha, ili lizidi kuzaa". Hulisafisha, si hulipogoa. Nilipokuwa mdogo nilidhani Baba yule mkulima anapangusa vumbi kwenye majani ya mzabibu. Mpaka siku nimemwona babu kwenye mbuni, amemaliza mkasi, amerudi nyuma hatua mbili, anasema "haya, sasa ni msafi". Chini ya mti matawi yamejaa mpaka huoni udongo.

Mama Mibuni

Hata leo tunasema hivyo. Kusafisha mbuni ni kuupogoa. Na ni usafi kweli, hewa ikipita na jua likiingia unyevu haukai, magonjwa ya kahawa kama chulebuni na kutu ya majani hayapati pa kulala kirahisi.

Mfasiri Mchovu

Nimechelewa, lakini uzi huu ni wangu kabisa. Natafsiri maandishi ya kilimo na misitu kwa ajili ya kula, niko Arusha, na neno ambalo mleta mada analitafuta limenilaza macho.

Waingereza wanalo. Mti uliokatwa kichwa juu ya kimo cha mtu, ukaachwa uchipue pale juu, ukakatwa tena baada ya miaka kadhaa, tena na tena palepale mpaka panavimba kama ngumi, wao wanauita "pollard". Ni jina la mti wenyewe, kisha likawa pia jina la kitendo. Shina la neno ni "poll", yaani kichwa. Na hapa wazee wetu wanaingia bila kujua: ile kodi ya kichwa iliyotozwa enzi za Mwingereza, neno la kichwa kwenye Kiingereza chake ni hilohilo. Babu zetu walihesabiwa vichwa, miti yao ikakatwa vichwa, neno moja. Hata ng'ombe asiye na pembe wanamwita kwa neno la ukoo huo.

Wafaransa ndio walionichekesha. Mti wa aina hiyo wanauita kwa neno lilelile wanalomwitia kiluwiluwi. Ukiuchora mti huo utaona: kichwa kikubwa, mwili mwembamba.

Sasa kwa nini wao walihitaji jina na sisi hatukulihitaji? Kule sababu ilikuwa mifugo. Ng'ombe walikuwa wakichunga chini ya miti, ukikata mti chini kabisa machipukizi yanaliwa yangali machanga. Kwa hiyo walikata juu, mdomo wa ng'ombe usipofika, wakapata kuni na nguzo kila baada ya miaka bila kuua mti. Msitu wa Epping karibu na London umejaa mazee ya namna hiyo mpaka leo. Wanakijiji walikuwa na haki ya kukata matawi kwa ajili ya kuni, haki hiyo ikafutwa kwa sheria ya mwaka 1878. Na jambo la ajabu, mti unaokatwa hivyo mara nyingi huishi kuliko mwenzake ulioachwa, kwa sababu kichwa hakiwi kizito hadi kuangushwa na upepo.

Kazi ya mwisho niliyofanya niliandika "mti uliokatwa kichwa". Mhariri akabadilisha akaweka "mti uliopogolewa". Mimi naona kapoteza kitu. Kupogoa kunaweza kuwa kutoa tawi moja kavu. Hakusemi kichwa kilikwenda wapi.

Mama Mibuni

Mfasiri, hapo kwenye ng'ombe umenigusa. Kwetu kihambani ng'ombe hatembei. Yuko bandani, majani yanamfuata yeye, migomba na majani ya mipaka na matawi ya miti. Hajawahi kumwinulia mti shingo. Kwa hiyo urefu wa kukatia haukupangwa na mdomo wa ng'ombe, ulipangwa na kivuli. Mruka na mringaringa unautoa matawi ya chini ili mbuni upate mwanga, unaacha mwavuli juu ili mbuni usiungue. Kinyume kabisa na wenzetu: wao walitoa kichwa, sisi tunakiacha kichwa tunatoa mikono.

Ndiyo maana hatuna jina la mti usio na kichwa. Mtu aliyekata kichwa cha mruka angeulizwa ana matatizo gani.

Mdigo wa Mabokoni

Hii ndiyo hoja ya uzi mzima.

Chalii wa Chuga

Nakubali. Ila miti ya barabarani huku mjini yote haina vichwa, nyaya zikipita juu inakatwa kifyefye. Jakaranda moja karibu na ninapokaa imetobolewa katikati, nyaya zinapita ndani kama mtu aliyenyolewa njia. Hiyo inaitwaje?

Mwalimu wa Zamu

Hiyo ni denge iliyogeuzwa. Denge huachwa nywele za utosini, pembeni zote zikanyolewa. Huo wako utosi umetolewa, masikio yameachwa.

Fundi Msumeno

Niongeze la kazi, maana naona mnabishania jina na mti wa watu umechanika. Tawi zito halikatwi kutoka juu moja kwa moja. Unaanza chini ya tawi, mkato mdogo, kama theluthi moja, hatua kidogo kutoka kwenye shina. Kisha unakuja juu, mbele kidogo ya ule mkato, unakata mpaka tawi linaanguka lenyewe. Likichanika linaishia kwenye ule mkato wa chini, haliendi kwenye shina. Mwisho unatoa kile kipande kilichobaki, ukiacha ule uvimbe wa shingoni pale tawi linapokutana na shina. Pale ndipo kidonda hufungia. Ukilikata sawasawa na shina umekata na dawa yake.

Na msikate na panga butu. Panga butu halikati, linatafuna.

Kisiki Kikavu

Fundi umeandika kama daktari. Sasa mimi jina langu nibadilishe?

Mkulima wa Jumamosi

Wakuu, nashukuru wote. Nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu nilikuwa nasubiri kuona.

Kwanza mrejesho: Mama Mibuni alisema kweli. Nimelikagua ganda lile Jumamosi zote mbili, hakuna jicho. Upande uliochanika umeshaanza kuwa na rangi ya kijivu, na sisimizi wamefungua njia yao. Mama ameshaweka beseni la kuoshea vyombo juu yake. Unafika kiunoni, kumbe ni kimo kizuri cha meza.

Mfasiri, ninakubaliana nawe na simkubali mhariri wako. Nikiandika nitatofautisha: mti uliopogolewa ni ule uliotolewa matawi na kichwa kipo, mti uliokatwa kichwa ni huo wa Waingereza, na kisiki namwachia Mama Mibuni na kahawa yake. Gutu nalipenda lakini mama nilipolitamka alikunja uso, kwake gutu ni la mkono wa mtu.

Juzi nikamwita kijana yuleyule kwa mti wa pili. Najua mtasema nimerogwa, lakini ndiye anayejua kupanda, na kosa la kwanza lilikuwa la mdomo wangu. Safari hii nilipanda Uru mwenyewe siku ya kazi, nikasimama chini ya mti, nikamwambia kwa Kiswahili sanifu kabisa, kama Mwalimu wa Zamu yupo anasikiliza: "Huu naomba uupogoe."

Akautazama mti, akanitazama mimi, akafunga kamba kiunoni.

"Kichwa au mikono?"

Kumbe maneno anayo siku zote. Nikamwambia mikono, kuanzia ule mkono unaoelekea kwa jirani, na aanze mkato kwa chini.